Pumzi Tatu Ukingoni mwa Ziwa

Nimezama baharini miaka kumi na saba bila kuvaa soksi. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu asubuhi ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimevaa soksi jozi tatu, moja juu ya nyingine, na bado sikuzihisi nyayo zangu. Sijui kama zilikufa ganzi kwa baridi au kwa woga. Nafikiri vyote viwili, ila woga ndio uliotangulia.

Kazi yangu huko Unguja, upande wa kaskazini, ilikuwa kuwapeleka wageni chini ya maji. Mtungi wa hewa mgongoni, kipumulio mdomoni, mgeni mmoja kulia na mwingine kushoto, nawaonesha matumbawe na samaki wa rangi, kisha nawarudisha juu wakiwa hai. Nikiwaambia jamaa wa nyumbani kwamba nimeanza tena uzamiaji nikiwa London, wananicheka, wanadhani ndiyo kwanza nakiri kwamba nilijificha melini kuja huku. Hapana jamani. Nilikuja kwa ndege, na viza yangu mkononi, pamoja na mke wangu aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Tangu hapo nilikuwa nimezama mara nne tu, zote likizo, zote kwenye maji ambayo mtoto mchanga angeogeshwa bila kulia.

Mkubwa wangu wa kazi kule alikuwa mtu mkali, na alikuwa na sharti moja ambalo hakuna kijana aliyelikiuka akabaki kazini. Kabla mgeni hajagusa maji, wewe kiongozi unakichukua kipumulio chake, unakitia mdomoni mwako mwenyewe, unavuta pumzi tatu za nguvu, kisha unabonyeza kitufe cha mbele hewa ijimwage kwa kishindo, huku unasikiliza. Ukisharidhika unakifuta kwa fulana na kumkabidhi mwenyewe. Wageni wengine walikunja uso wakiona mate yetu. Lakini siku moja, kwenye pumzi ya pili, nilionja mafuta ya mashine kwenye hewa ya mama mmoja, nikamvua mtungi palepale kwenye boti. Mkubwa wangu hakunisifu, alinipa kazi ya kuosha mitungi yote iliyobaki. Lakini tangu siku hiyo pumzi tatu ziliniingia mwilini kama bismillahi kabla ya kula.

Sasa mimi ni mtunza jengo huku Barking. Nabadilisha taa za ngazi, nawaita mafundi wa lifti, nagombana na watu wanaotupa magodoro pembeni mwa mapipa. Binti yetu, yule aliyekuja London tumboni, ana miaka kumi na tisa na yuko chuo kikuu. Kiswahili anakisikia chote, hata yale tunayonong'ona na mama yake, lakini hujibu kwa Kiingereza. Kiangazi kilichopita alijiunga na klabu ya wazamiaji bila kutuambia. Alipopata cheti chake akakiweka mezani mbele yangu wakati nakunywa chai, akaketi kunitazama. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Nilimwonesha jikoni palepale namna ya kukagua kifaa cha mwenzako, kwa kutumia kikombe badala ya kipumulio, na yeye akacheka.

Furaha ile ilinikaa miezi mitatu. Mwezi wa Novemba akaja na maneno mengine. Klabu yao haisimami wakati wa baridi, alisema, wanaendelea kuzama, na yeye anataka kuendelea. Wazamiaji huenda wawili wawili, na angependa mwenzake wa mara ya kwanza ya baridi awe mimi.

Nilisema ndiyo haraka sana, ili uso wangu usipate nafasi ya kusema lolote. Ukweli ni kwamba niliogopa pale pale. Maji baridi mimi niliyajua ya bombani tu, yale yanayokuuma vidole ukiosha sufuria asubuhi, na nilikuwa najaribu kufikiria mwili mzima ndani yake, kichwa na vyote, gizani, na mtoto wangu pembeni. Lakini ningemwambiaje? Alikuwa amewasimulia wenzake wote kwamba babake alikuwa kiongozi wa wazamiaji Zanzibar. Mtu aliyesifiwa na bintiye hivyo hawezi kuanza kueleza habari za bombani.

Mke wangu hakuwa na haja ya kuficha lolote. Yeye analea wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, na maji kwake ni kitu cha kuogea na kupikia. Alinisikiliza nikimweleza, akakamua kitambaa cha vyombo mpaka tone la mwisho.

"Wazimu huu umemtia wewe," akasema. "Basi n'nakwambia, umempeleka wewe, utamrudisha wewe. Usije hapa peke yako."

Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo wiki tatu.

Kuzama wakati wa baridi, kumbe, ni kazi ya kuvaa. Kiangazi mtu anavaa suti ya mpira inayopitisha maji na mwili unayapasha moto. Baridi ikija unavaa suti isiyopitisha maji kabisa, iliyofungwa shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mpira mwembamba, ndani yake una nguo za sufu kama mtu anayekwenda kulala nje. Mpira wa shingo hupakwa poda ya watoto ili kichwa kipite, na mara ya kwanza nilipoingiza changu nilihisi najizaa upya, kwa shida. Suti hiyo inajaa hewa. Tulipoijaribu kwenye bwawa la kuogelea, hewa yote ilikimbilia miguuni, nikapinduka, miguu juu kichwa chini, watoto wa masomo ya kuogelea wakinionesha kwa vidole. Binti yangu alinishika kiunoni akanigeuza. Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda chooni nikakaa kidogo mpaka moyo ukatulia.

Mengine nilijifunza kwa kumtazama. Usiku wa kuamkia safari hakuacha vifaa garini, alivipanga sebuleni karibu na hita, kwa sababu chuma kikilala nje kwenye jalidi, ule umande ulioganda, kinaamka kibaya. Mama yake akalalamika kwamba nyumba imekuwa gereji. Alitia glavu kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji ya moto. Alichukua kipande cha zulia kuukuu cha kusimamia tukivaa, ili nyayo zisigusane na ardhi. Mke wangu, pamoja na lawama zake zote, aliamka kutuchemshia chai ya tangawizi, akaijaza chupa mbili, akatufungia na chapati. Hakusema kwaheri, alisimama dirishani tu.

Ziwa lenyewe liko upande wa magharibi, karibu na ile barabara kuu inayoizunguka London yote, mahali palipochimbwa kokoto zamani na kuachwa pakajaa maji. Tuliuzunguka mji kutoka Barking, tukapita Neasden, magari machache, binti yangu akiongea na mimi nikiitikia. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mambo yanayoweza kuharibika. Tulipofika, majani yote yalikuwa meupe kwa jalidi na ukingoni mwa maji palikuwa na utando wa barafu, mwembamba, unaokatika ukiugusa kwa kidole cha mguu. Ndege zilikuwa zinashuka juu yetu moja baada ya nyingine kwenda uwanjani, na niliwaonea wivu abiria wake.

Mwalimu wa klabu alikuwa mama wa Kiingereza wa umri wangu hivi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Aliwakusanya watu wanane pale kwenye meza ya mbao awaeleze mambo ya baridi. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha kubadilishia nguo. Nilimwambia binti yangu zipu imekwama. Zipu haikukwama. Meno yalikuwa yananigongana na sikutaka yeye na wenzake wayasikie. Nilikaa kwenye benchi, nikaweka mikono katikati ya magoti, nikasoma kila aya niliyoijua. Nilisikia sauti ya mwalimu kupitia ukuta wa mbao, lakini sikusikia maneno, wala sikujitahidi kuyasikia. Nilijiambia, miaka kumi na saba, mwanamke huyu ataniambia nini?

Nilipotoka mkutano umekwisha. Binti yangu akanijia na chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Baba, kuna mambo ya baridi amesema, nikupe kwa kifupi?"

"Mwanangu, kazi hii nimeifanya kabla hujazaliwa," nikamjibu.

Akanitazama, kisha akatazama kifuniko cha chai mkononi mwangu. Chai ilikuwa inamwagika pembeni kwa mtetemo.

Tulivaa mitungi. Tukasimama ukingoni na mapezi mikononi, na pale ndipo woga uliponikaba hasa. Kitu pekee nilichojua kuufanya woga ule unyamaze kilikuwa kile nilichofundishwa. Nikanyoosha mkono nikakichukua kipumulio cha mwanangu. Niliona amefungua mdomo kama anataka kusema, akanyamaza. Nikavuta pumzi tatu. Nikabonyeza kitufe, hewa ikatoka kwa kishindo na kufanya wingu jeupe mbele yetu. Haikutosha. Nikarudia, tatu tena na kitufe. Kila nikitaka kumrudishia naona sura ya mke wangu dirishani, nikarudia mara ya tatu. Hewa ilikuwa safi, haina mafuta, haina mchanga. Nikakifuta vizuri, nikamkabidhi, nikahisi nimefanya wajibu wangu kama baba. Changu mwenyewe sikukigusa. Nilikitia mdomoni uso ukiwa umeshafika majini.

Baridi ya maji yale sitaki kuisifia. Sehemu pekee zilizobaki wazi zilikuwa midomo na mashavu, na zikauma kama jino bovu, kisha zikapotea. Maji yalikuwa ya kijani kilichofifia, rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha, na huoni zaidi ya hatua nne. Tulishuka tukifuata kamba hadi mita kumi na mbili, ambako klabu wamezamisha kontena tupu la kujifunzia kuelea bila kugusa kitu. Glavu ni nene, huwezi kujua umeshika nini mpaka uangalie. Niliangalia kila kitu. Niliangalia geji yangu ya hewa, yake, mkono wake, macho yake nyuma ya miwani. Alikuwa ametulia. Akanionesha ishara kwamba yuko sawa, nikamwonesha na mimi, na kwa dakika kama tatu nilikuwa baba mwenye furaha chini ya ziwa la kokoto.

Kisha kipumulio chake kikalia. Hakikuanza kidogo kidogo. Kilifunguka chote kwa mara moja, hewa ikamiminika mdomoni mwake kwa ngurumo, mapovu yakamfunika uso, miwani, kichwa chote, nikawa simwoni mwanangu, naona fuko la mapovu lenye mikono miwili. Mtungi unaomiminika hivyo haudumu hata dakika mbili tatu. Hilo nililijua. Niliona pia sindano ya geji yake inashuka kwa macho, kama saa iliyoharibika.

Nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa siku mke wangu alipojifungua na madaktari wakaanza kutembea haraka. Lakini pale nilikuwa na mikono, na mikono hiyo ilikuwa ndani ya glavu nene kama za kuchomea nyama. Nilimkamata kwenye mkanda wa kifua, nikamvuta karibu hadi miwani ikagongana. Nikakitoa kipumulio changu cha akiba, kile cha njano, nikakisukuma ndani ya mapovu mpaka nikahisi amekichukua. Nilisubiri. Moja, mbili. Mapovu madogo yakatoka kwenye kile cha njano, na hapo nikajua anapumua. Nikamzunguka kwa mkono, nikapapasa koki ya mtungi wake nyuma ya shingo, nikaizungusha kwa kiganja kwa sababu vidole vilikuwa havisikii amri, hadi ngurumo ikazimika.

Ukimya uliofuata uliniogopesha zaidi. Sasa tulikuwa watu wawili kwenye mtungi mmoja, na wazo likanijia, wazi kabisa, kwamba kilichokipata chake kinaweza kukipata changu wakati wowote, na kikikipata hakuna cha tatu. Kila pumzi niliyovuta niliivuta taratibu, nikiogopa kukiudhi. Tulianza kupanda. Hewa ndani ya suti inatanuka ukipanda, inataka kukurusha juu kama kizibo, na kupanda mbio kunapasua mapafu. Nilikuwa na mkono mmoja kwenye mkanda wa mwanangu na mwingine kwenye koki ya bega inayotoa hewa ya suti. Yeye alikuwa ananitazama machoni. Hakupepesa. Alikuwa ananihesabia kwa vidole vyake mita zilizobaki, akisoma saa yake, kumi, tisa, nane, na mimi nikawa nafuata vidole vyake kama mtoto anayefundishwa hesabu. Mita tano. Nne. Nilikuwa nazungumza na Mungu na mke wangu kwa pamoja, nikiwaahidi wote wawili mambo ambayo mengi sijayatimiza.

Tulitokeza juu katikati ya utando wa barafu, ukavunjika vipande vipande pembeni mwa vichwa vyetu. Nilimjazia hewa jaketi lake la kuelea kwa mdomo. Akatema kipumulio cha njano, akakohoa, akavuta hewa ya London kwa sauti. Ndege ilikuwa inapita juu yetu. Sijawahi kusikia mlio mzuri kama ule wa mwanangu akikohoa.

Mwalimu alikuwa ukingoni, aliona mapovu yametapakaa juu ya maji na tayari ameshaingia hadi kiunoni kutupokea. Walituketisha kwenye zulia letu kuukuu, wakatuvisha kofia na mablanketi. Binti yangu alikuwa mweupe midomoni. Baada ya chai ya pili mwalimu akachuchumaa mbele yake na kuanza kumuuliza, kwa upole, lakini akiwa na daftari lake, kwa sababu mambo kama hayo lazima yaandikwe.

Kipumulio kiliganda, mwalimu alisema. Hewa ikitoka mtungini kwa nguvu hupoa kuliko hata maji yenyewe. Unyevu wa pumzi ya mtu ukiingia humo huku bado uko nje kwenye jalidi, unageuka barafu, punje tu kama ya mchele, na punje hiyo inatosha kuzuia kifaa kisijifunge. Ndiyo maana alikuwa amewasisitizia asubuhi: wakati wa baridi hakuna kujaribu kipumulio nje ya maji. Hakuna kupumua humo, hakuna kubonyeza kitufe. Unakitia majini kwanza, uso nao uko majini, ndipo uvute pumzi yako ya kwanza. Je, alikuwa amekijaribu nje?

Mimi nilisikia kila neno. Mara tisa. Nilihesabu nikiwa nimeshika kikombe. Pumzi tisa na kitufe mara tatu.

"Hapana," binti yangu akasema. "Nadhani nilipumua kwa pupa kule chini. Niliingiwa na wasiwasi."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Akamwambia si aibu, hutokea, lakini ingekuwa vyema apumzike hadi majira ya joto, awe ametulia zaidi. Binti yangu akaitikia kwa kichwa, macho kwenye zulia. Na mimi nilikaa kimya. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilikaa kimya kwa muda wa kutosha chai kupoa. Nilimwogopa yule mama mwenye daftari, niliwaogopa wale vijana sita waliosimama karibu, ambao binti yangu alikuwa amewaambia babake ni kiongozi wa wazamiaji. Zaidi ya wote nilimwogopa mtu mmoja aliyesimama dirishani Barking.

Kisha mwalimu akanigeukia mimi, bila nia mbaya yoyote, akashangaa kwamba changu kilistahimili watu wawili bila kuganda. Alitaka kujua nilikuwa nimekishughulikia vipi, ili awaambie wengine.

Nilijaribu kusema kwa Kiingereza, kikanikimbia. Nikasema kwanza kwa Kiswahili, nikimtazama mwanangu. "Ni mimi." Kisha nikamweleza mwalimu yote, kibanda, zipu ambayo haikukwama, pumzi tatu mara tatu, na kwamba changu kilistahimili kwa sababu nilikisahau. Nikamwomba afute alichoandika kuhusu binti yangu. Hakunifokea. Alifuta, akaandika upya polepole, na kule kuandika kwake polepole kuliniadhibu vya kutosha.

Tulirudi kwa gari njia ileile, tukaipita Neasden. Hita ilikuwa inavuma kwa nguvu zote. Nikamuuliza mwanangu kwa nini alimdanganya mwalimu. Akanyanyua mabega. Basi nikamuuliza lile hasa nililotaka kuuliza. Aliusikia mkutano wote, alijua sheria. Kwa nini aliniacha nikipulize kifaa chake pale ukingoni?

Aliponijibu alijibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, akitafuta kila neno.

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka, baba. Nikaona ukifanya vile inatulia. Nikasema nikuache."

Nilisimamisha gari kando ya barabara, kwenye maegesho ya duka la samani, na nililia mbele yake. Aliniacha nilie, akanimiminia chai iliyobaki. Alipoona nimemaliza akarudi kwenye Kiingereza chake, akaniambia kwamba siku nyingine nimwambie tu. Si lazima nipulize kitu. Niseme naogopa, basi.

Mke wangu alifungua mlango kabla hatujatafuta ufunguo. Alitutazama, akatuhesabu, wawili. Akauliza maji yalikuwaje. Binti yangu akasema baridi, na mimi nikasema kaa chini nikueleze. Nilimweleza. Wiki nzima alinipakulia chakula bila kuniangalia, na nilikula.

Mwezi wa Februari tulirudi ziwani. Mwalimu alipowaita watu kwenye meza nilikuwa wa kwanza kufika, kofia ya sufu kichwani, nikasikiliza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, ijapokuwa nusu ya maelezo yalikuwa juu yangu, bila kunitaja. Tukavaa, tukaenda ukingoni. Jalidi lilikuwa vilevile. Kipumulio cha mwanangu kilikuwa kinaning'inia kifuani pake, karibu kabisa na mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa unakitaka. Sijui niuelezeje uchu ule. Nikaitia mikono yote miwili kwapani, nikaibana.

Yeye aliniona. Alikuwa ameshavaa miwani, akaisukuma juu ya paji la uso ili anitazame vizuri, akasubiri.

"Naogopa," nikamwambia.

"Mimi pia," akasema.

Akashusha miwani, akaingia majini hadi shingoni, akainamisha uso. Nilisimama na mikono kwapani mpaka nilipoona mapovu yake ya kwanza, ndipo nikamfuata.